Eti fundi hana siasa?

Wandugu, tumechoka kuambiwa kila semina: "Jifunzeni ufundi, siasa si yenu." Nani kasema?

Kule Ugiriki wanajeshi walipora nchi mwaka 1967, wakawanyima wanafunzi hata kuchagua viongozi wao. Februari 1973 waliogoma wakaswagwa jeshini kwa nguvu. Novemba 14 vijana wa Politekniki ya Athens wakajifungia chuoni, wakaunda redio kwa vifaa vya maabara, jiji likawasikia. Usiku wa kuamkia tarehe 17 kifaru kikavunja geti. Watu waliuawa. Utawala haukuanguka kesho yake, ni mpaka Julai 1974.

Lakini ile redio ilitengenezwa na nani? Si mafundi hao hao! Basi ninyi wa mashirika, koleo na waya tunapokea, asanteni. Ila uchaguzi wetu wa viongozi wa vijana msiuahirishe tena.