Njia za miguu zitainufaisha nchi ya chai kuliko picha za barabarani

MAGARI ya watalii yatokayo Nakuru au Kisumu kuelekea Maasai Mara hukatiza Kericho na Bomet kwa saa chache tu. Abiria hushuka kando ya barabara, hupiga picha za mashamba ya chai, kisha safari huendelea. Malazi, chakula na ada za kuingia mbugani hulipwa kwingineko.

Mtalii atembeaye kwa miguu ni tofauti. Katika nyanda hizi, ambako mvua hupenda kunyesha alasiri, matembezi hufanywa asubuhi. Kwa hivyo mgeni hana budi kulala, kula na kumlipa kijana wa kumwonyesha njia.

Vya kuona havikosekani. Kericho ina bustani ya miti ya Chagaik pamoja na bwawa lake, na msitu wa Mau Kusini Magharibi unapakana na mashamba ya chai. Bomet ina maporomoko ya Tenwek katika Mto Nyangores, ambayo Hospitali ya Tenwek huyatumia kuzalisha umeme. Nyangores na Amala ndiyo mito inayoungana kuwa Mto Mara. Mtalii anayeharakishwa kwenda kutazama nyumbu wakivuka mto huo hupita hapa bila habari kwamba maji yake yanatoka huku.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa si uhaba wa matangazo, bali ni ardhi. Mashamba makubwa ni mali ya kampuni, na hayapitiki bila idhini. Suala hili lina uchungu wake, kwani Wakipsigis na Watalai walifurushwa kutoka sehemu ya ardhi hiyo wakati wa ukoloni, na wangali wanadai haki. Mwenyeji hawezi kumwongoza mgeni mahali ambapo yeye mwenyewe huhesabiwa kuwa mvamizi.

Mfano wa kuigwa upo. Nchini Sri Lanka, njia ya Pekoe, yenye zaidi ya kilomita 300, hupita katika mashamba ya chai ikifuata vijia vya zamani vya kusafirishia zao hilo. Imegawanywa katika hatua 22, hivyo mgeni hulala na kula njiani. Ikumbukwe kwamba mashamba ya James Finlay katika eneo la Kericho na Bomet yalinunuliwa mwaka wa 2023 na kampuni ya Browns, ya nchi hiyo hiyo.

Katiba ya 2010 iliwawekea wageni kikomo cha miaka 99 katika kukodi ardhi. Mazungumzo yoyote ya kuongeza muda yanazipa serikali za kaunti fursa ya kudai njia za umma. Wakati huo huo, kaunti zianze na wakulima wadogo wanaopeleka majani chai katika viwanda kama Kapkoros na Litein. Hao hawahitaji ruhusa ya kampuni kumkaribisha mgeni.

Utalii wa miguu hautafidia kazi zote zinazochukuliwa na mashine za kuchuma chai, ambazo baadhi yake ziliteketezwa na waandamanaji Mei 2023. Lakini ghadhabu ile ilionyesha wazi kuwa vijana wa huku wanataka sehemu yao ya utajiri wa chai. Njia ya miguu ni sehemu ndogo, ila inaweza kuanza leo, bila kungoja mizozo ya ardhi itatuliwe.