Twendeni Mkutanoni Ramani Ingali Rasimu

Katika miji ya Tanzania, mwenyekiti wa mtaa akiitisha mkutano wa kujadili mpango wa mji, hufika wazee wachache na watoto wanaochungulia. Miaka inapita. Siku alama ya X nyekundu ya kubomoa inapopakwa ukutani, mtaa mzima unafurika kwenye ofisi ya mtendaji. Nasema kwa uchungu: siku hiyo tumechelewa. Kilichobaki ni kubishania fidia. Barabara ipite wapi, soko likae wapi, maji ya mvua yatoke njia gani, hayo yamekwisha kuamuliwa sisi tukiwa majumbani.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inazitaka mamlaka za upangaji kuwashirikisha wadau na kuiweka rasimu ya mpango hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Haki hiyo ni yetu. Na ina uzito, kwa kuwa mpango kabambe si jambo la mwaka mmoja: ule wa Dar es Salaam ulioanza 2016 unakwenda hadi 2036. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule huenda akawa na familia yake kabla haujaisha. Ule wa 1979, jiji lilikua likaupita. Watu wakajenga walipopata nafasi, hata mabondeni, na gharama yake tunaiona kila masika Jangwani.

Wako wanaosema mwananchi hajui kusoma ramani. Nawakumbusha Hanna Nassif, Kinondoni. Miaka ya 1990 wakazi wa mtaa ule uliokuwa ukizama kwa mafuriko waliunda chama chao cha maendeleo, wakakaa na wataalamu, na wakashika wenyewe sururu na koleo kujenga mifereji. Hawakuwa wahandisi. Walijua maji yanaingia mlango wa nani kwanza, na elimu hiyo haipatikani kwa picha ya kutoka angani.

Kwa hiyo nanyi maafisa mipango miji, nisikilizeni. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi unamfungia nje mama ntilie, fundi na kijana wa bodaboda. Uwekeni Jumapili alasiri. Ramani itundikeni sokoni, si ndani ya ofisi yenye mlinzi, na iandikwe kwa Kiswahili, ikionyesha msikiti, kanisa, shule na kisima, ili bibi aone nyumba yake iko wapi. Wapangaji nao waiteni. Mwenye nyumba huenda anaishi mbali. Anayebeba ndoo mtaani ni mpangaji.

Nasi wananchi tuache kauli ile ya "wameshaamua." Mara nyingine ni kweli wameshaamua, nami sitaki kuwadanganya; lakini ukimya wetu ndio unaowarahisishia kazi. Kabla ya mkutano, zungukeni mtaa kwa makundi, mwandike mfereji ulioziba, njia ambayo gari la zimamoto halipiti, uwanja wa watoto unaomegwa kidogo kidogo. Mkifika, takeni muhtasari wa kikao kilichopita usomwe, muone kama maneno yenu yamo. Kama hayamo, yasemeni tena, na mhakikishe yameandikwa kabla hamjatia saini karatasi ya mahudhurio, isije ikapelekwa halmashauri kuwa ushahidi kwamba mliridhika.