Mikumi: Simba Tunamwogopa, Je Maji?



Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni jirani yetu sisi watu wa Berega. Ukishuka Dumila na kupita Kilosa, unafika Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Ndani yake wamo tembo, twiga, nyati, pundamilia na simba. Lipo pia bwawa la viboko, ambapo watu hukaa kando na kuwatazama.

Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kuona wanyama hao. Lakini hapa kwetu wapo wazee wenye wajukuu ambao hawajawahi kufika. Wengine husema, "Kutembea mbugani ni mambo ya wazungu."

Mimi sikubali. Mkulima anayeshika jembe tangu mvua za kwanza hadi mavuno anahitaji kupumzika. Mapumziko na furaha ni sehemu ya afya. Tena hifadhi ni mali yetu. Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba wanyama watatunzwa ili wajukuu wa Tanganyika wawafurahie. Wajukuu hao ndio sisi. Na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nchi za nje. Shule, kijiji au kikundi cha akina mama cha kuweka akiba kinaweza kuchanga polepole mpaka nauli ipatikane.

Kwa hiyo, wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu, nasema twendeni. Ila tujue la kuogopa.

Safari ya Mikumi ikitajwa, watu hapa zahanati huniuliza juu ya simba. Jibu ni rahisi. Kaa ndani ya gari. Msikilize askari wa hifadhi. Shuka pale tu anapokuruhusu. Kiboko naye usimsogelee, wala usisimame kati yake na maji. Ukifuata hayo, utarudi salama.

Lakini juu ya maji ya njiani siulizwi. Nami naona hatari kubwa iko hapo.

Fikirini safari yenyewe. Jua ni kali. Gari linasimama penye daraja. Watoto wanavua viatu na kuingia mtoni. Wanaoga, wanacheka, kisha gari linaondoka. Hakuna aliyeumia. Miezi inapita. Siku moja mtoto mmoja anakojoa damu.

Hicho ni kichocho. Mgonjwa wa kichocho akikojoa au kunya majini, mayai ya minyoo huingia katika maji. Mayai hutoa vijidudu, navyo huingia ndani ya konokono. Humo huongezeka sana. Kisha hutoka na kuelea majini. Huwezi kuviona kwa macho. Mtu akiingia katika maji hayo, vijidudu hupenya ngozi kwa dakika chache, hata kama hana kidonda. Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu na figo. Kile cha tumbo huharibu ini.

Mwaka 1973 ilikuwako kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu walikaa kwa vikundi kando ya redio wakajifunza. Kichocho kilikuwa moja ya magonjwa waliyofundishwa. Zaidi ya miaka 50 imepita, na kichocho bado tunacho. Dawa haikukosekana. Kinachokosekana ni sisi kuyaogopa maji kama tunavyomwogopa simba.

Basi kabla ya safari, tupange haya:

1. Kila mtu abebe maji ya kunywa yaliyochemshwa. Gari libebe madumu ya maji safi ya kunawa.

2. Mtu yeyote asiingie mtoni wala bwawani, hata kama maji yanaonekana meupe. Mwalimu au kiongozi awasimamie watoto kila gari linaposimama.

3. Kila mtu atumie choo. Asiyejijua kuwa ana kichocho anaweza kuwaachia ugonjwa wenye maji yao.

4. Vaeni nguo za mikono mirefu. Mbung'o huuma mchana, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Huweza kuleta malale. Mkilala huko, laleni ndani ya chandarua kwa sababu ya malaria.

5. Baada ya safari, mwenye homa aje zahanati mapema apimwe. Anayekojoa damu au kunya damu naye aje, hata kama miezi imepita. Asione haya. Dawa ya kichocho ipo.

Najua wapo watakaosema gharama itaongezeka. Dumu la maji ni gharama ndogo kuliko mtoto kuugua figo. Kiongozi anayekusanya nauli na kusahau maji hajamaliza kupanga safari.

Tena mkirudi Berega msiseme hatari imebaki Mikumi. Kichocho hukaa pia katika mabwawa, mifereji na mashamba ya mpunga, sehemu nyingi za nchi yetu. Mtoto aliyezuiwa kuoga mtoni siku ya safari, kisha akaachwa aoge bwawani siku zote nyumbani, hajakingwa.

Someni ukurasa huu pamoja na wasiojua kusoma. Kisha jadilianeni:

Watoto wetu huoga wapi?

Je, kila nyumba ina choo, na kinatumika?

Tukianza kuchanga leo, tutafika Mikumi lini?

Nawatakia safari njema na afya njema.