Vijana wa Daftari Msituni

Wako wakulima wawachekao wanafunzi wapandao milima ya Nyandarua kuhesabu mavi ya wanyama. "Kisomo gani hicho?" husema. Hata mimi nalicheka zamani.

Lakini bongo, yule mnyama mwekundu mwenye milia myeupe, haonekani ovyo. Porini katika Kenya nzima hawafiki 100. Amtafutaye hana budi kufuata nyayo na mavi. Naye hukaa penye vichaka na mianzi minene, na msitu huo ndio uhifadhio maji ya Chania na Malewa. Ng'ombe wakimaliza vichaka, bongo huhama. Mvua nayo huteremka kwa haraka ikichukua udongo, na wakati wa kiangazi kijito hupungua.

Ua wa umeme uliokamilika mwaka 2009, wa kilomita 400 hivi, umepunguza sana ndovu kuingia mashambani, nasi twashukuru. Mwenye shoka, hata hivyo, ua hajali.

Ningependa vijana hao, kabla ya kurudi chuoni, waketi na wazee wa mpakani, wawaulize ni vijito vipi vilivyokauka tangu utoto wao. Wazee hawakuandika popote, na wengi wao ni wakongwe sasa.