Mlio wa Silinda Sita na Pampu ya Mzee

Wako watu wazima wenzangu ambao wakiwasikia vijana wanabishana juu ya injini za magari ya mashindano hutikisa vichwa, wakasema: huo ni upuuzi, ni lahwi, ni kazi ya asiye na kazi. Nami nilikuwa mmoja wao. Leo nataka kuitengua kauli yangu, lakini nitaitengua nusu tu. Nusu iliyobaki nitawarudishia vijana wenyewe.

Sababu ni Garsen. Nilikuwa natoka Malindi nakwenda Lamu, na basi letu likapasuka mpira wa redieta hapo hapo mjini, karibu na njia panda. Tukaambiwa tusubiri. Aliyewahi kusubiri Garsen baada ya adhuhuri analijua jua la pale. Nikajisogeza chini ya mwarobaini, kwenye karakana ya fundi mmoja, mtu wa makamo, mpole, mikono myeusi kwa oili. Akanigeuzia debe nikalie, akaniagizia kahawa chungu. Pembeni yake paliwekwa pampu ya maji ya petroli, ile ya kumwagilia shamba, na mwenyewe, mzee wa Kipokomo, amekaa karibu nayo kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

Palikuwa na kijana msaidizi wa karakana, umri wake hauzidi miaka ishirini. Akanijia na simu yake. "Ami, hebu sikiliza hii," akasema, akaniwekea sikioni.

Nikasikia mlio wa gari. Ulianza chini kama mtu anayesafisha koo, ukapanda, ukapanda tena, mpaka ukawa uzi mmoja mwembamba usiokatika. Kijana alikuwa amefumba macho. Nikamwuliza ni gari gani. Akajibu kwa haraka, kama mtoto wa chuo aliyeulizwa sura aliyoihifadhi: Datsun 240Z, silinda sita kwa mstari mmoja, ujazo wa sisi 2,393, kabureta mbili, nguvu za farasi 151 kama ilivyotoka kiwandani, na mshale wa mizunguko unapanda hadi 7,000 kwa dakika.

"Injini isiyofika elfu saba, Ami, si injini," akasema. "Ni mashine ya kusaga mahindi."

Basi ubishi ukaanza, maana Garsen haikosi watu wa magari. Dereva wa lori la maembe, aliyekuwa akingoja kuzibiwa gurudumu, alicheka. Akauliza: hiyo elfu saba utaipeleka wapi hapa? Siku hizi lami ipo, sawa. Lakini toka nje ya lami hatua kumi, mvua ikiwa imenyesha, uingie udongo mweusi wa Tana. Pale injini inayotaka kulia ndiyo ipate nguvu itazungusha gurudumu hadi lijichimbie kaburi. Yeye anataka injini yenye nguvu chini, mizunguko 1,500, inayovuta polepole bila hasira.

Kijana mwingine, wa Kiorma, aliyeleta pikipiki yake, hakukubaliana na yeyote kati yao. Yeye ni mtu wa Porsche 911. Silinda sita vilevile, lakini zimelazwa, tatu huku na tatu huku, na injini yote imewekwa nyuma ya magurudumu ya nyuma. Akasema: mtazame ng'ombe anapopanda ukingo wa mto, nguvu anazitia miguu ya nyuma. Uzito uko pale panaposukuma. Gari la namna hiyo halizami ovyo.

Msomaji, mimi nilikulia katika redio. Ilipofika Pasaka, Sauti ya Kenya ikitangaza mashindano ya Safari, hata sisi watoto wa chuo tulikuwa tukijua nani yuko mbele. Nikaona nami niseme neno. Nikawakumbusha kwamba Datsun 240Z ilishinda Safari mara mbili: mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Mwaka ule wa 1973 Mehta alilingana alama na Harry Källström, naye Källström alikuwa katika Datsun nyingine, ya silinda nne. Ilibidi itafutwe njia ya kuwatenganisha.

Ama Porsche, nilimwambia yule kijana wa Kiorma, ilikaribia mno. Ilikuwa ya pili mwaka 1972 kwa Sobiesław Zasada, ya pili mwaka 1974 kwa Björn Waldegård, ya pili tena mwaka 1978 kwa Vic Preston Mdogo. Lakini katika Safari yenyewe haikupata kushinda. Ilingoja mpaka yalipokuja mashindano ya magari ya zamani, Safari Classic, ndipo Waldegård akashinda nayo mwaka 2011. Kijana akainua mikono kama mtu aliyepata haki yake baada ya miaka mingi.

Sasa nirudi kwa mwenye debe langu, yule fundi, ambaye muda wote huo alikuwa kimya. Alipofuta mikono yake akasema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwake. Alisema watu wanaipenda silinda sita kwa kelele zake, na kumbe uzuri wake ni utulivu wake.

Akachukua kijiti akachora mchangani. Pistoni ya kwanza na ya sita hupanda pamoja, ya pili na ya tano pamoja, ya tatu na ya nne pamoja. Jozi hizi tatu zimegawanywa sawasawa katika mzunguko, hata nguvu ya moja inayotaka kuitikisa injini hufutwa na nguvu za zenzake. Moto nao una zamu yake: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Hakuna anayemkata mwenzake kauli. Ndiyo maana injini hiyo huweza kupandishwa juu bila ya kutetemeka na kujivunja. Katika mizunguko 7,000, alisema, huwaka mara 350 kwa kila sekunde moja, na kila mara kwa zamu yake.

Hapo mshairi ndani yangu akaamka. Nikamwambia: fundi, hiyo ni mizani! Shairi lililotimia mizani hata likiimbwa kwa haraka halikwami ulimini. Na lililopungua, ukiliharakisha linajikwaa. Nikamkumbuka maalim wetu wa chuo, aliyekuwa na macho hafifu. Tulikuwa watoto thelathini tukisoma kwa sauti, kila mtu na ubao wake, na yeye amekaa mlangoni. Mmoja wetu akikosea kuitoa herufi mahali pake, maalim aliita jina lake bila kugeuka. Sikio lake lilikuwa limefunzwa. Fundi huyu wa Garsen naye, lilipopita gari barabarani, alisema bila kuinua uso: "Hilo silinda moja haichomi." Ni elimu ile ile ya sikio.

Hii ndiyo nusu ninayoitengua. Kijana anayefumba macho kusikiliza injini hafanyi upuuzi. Anasikiliza kitu kilichopimwa, kilichopangwa, chenye kanuni zake. Sisi watu wa pwani hatukupata kumdharau fundi wa jahazi aliyegonga ubao akajua kwa mlio kwamba umeoza ndani. Tulimwita fundi kwa heshima, tukampisha barazani. Kwa nini basi anayegonga chuma tumwite mtu wa grisi? Nimewasikia wazazi wakisema mtoto wao "ameishia gereji", kwa sauti ile ile wanayosemea aliyeishia jela. Neno hilo si la haki, na limetugharimu.

Limetugharimu vipi? Tazama hesabu ya Safari. Kwa miaka mingi mashindano yale yalishuka Mombasa, na sisi watu wa pwani tulijipanga kando ya barabara kutazama vumbi. Palipokuwa na matope tulisukuma. Tukasifiwa kwa kusukuma. Lakini waliozifungua injini zile usiku, wakabadilisha gia huku saa inakwenda, wengi wao walitoka kwingine. Tulipenda kwa macho na masikio, mikono yetu ikabaki mabegani mwa magari ya watu.

Na sasa ile nusu ya vijana. Nilimwuliza yule mwenye simu: je, wajua kwamba Wajapani hao walikuwa na injini nyingine ya silinda sita iliyopenda kulia kuliko hiyo? Akaijua, wallahi! Akasema ni ile ya Z432, na akanifasiria jina lake: vali nne kwa kila silinda, kabureta tatu, na shafti mbili za kuendeshea vali. Injini ya sisi 1,989 tu, yenye nguvu za farasi 160, na ilizipata nguvu hizo ikiwa mizunguko 7,000. Nikamwambia: vyema. Basi mbona hawakuileta Safari? Magari yaliyoshinda hapa yalikuwa na ile injini nyepesi ya kueleweka, shafti moja juu, vali mbili kwa silinda, chuma kilichoweza kurekebishwa na fundi aliyechoka, gizani, kwa tochi. Hata gari lile la 1971 ambalo Nissan wamelihifadhi huko Zama, Japani, ndani yake mna injini hiyo.

Kisha nikamhesabia. Datsun ilishinda Safari mara saba: 1970, 1971, 1973, halafu miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, yote minne kwa mkono wa Mehta. Katika hizo saba, silinda sita ilishinda mara mbili. Mara tano ilishinda silinda nne, isiyo na mlio wa kumfumbisha mtu macho. Dereva wa lori akapiga paja kwa furaha. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini Ami, hazikulia vile." Nikacheka, kwa sababu alikuwa na haki. Uzuri ni uzuri, hata usiposhinda. Ila uzuri usitufanye tukasahau kazi.

Na kazi ilikuwa pale pale mbele yetu. Yule mzee wa pampu, ambaye ubishi wote haukumgusa, alikohoa akauliza kwa adabu: "Wanangu, na hii yangu je?" Mpunga wake ulikuwa umekwisha kuota, mto uko hatua chache kutoka shambani, na maji hayapandi. Ndivyo Tana ulivyo: mwaka wa 1997 na wa 1998 uliwafuata watu majumbani, na mwaka mwingine unapita chini ya ukingo, unautazama tu wala huufikii. Mzee alikuwa na silinda moja tu duniani, nayo ilikuwa kimya kwa siku nne.

Fundi akamgeukia msaidizi wake. "Fungua kabureta," akamwambia. Kijana aliyekuwa akijua kabureta mbili za Datsun na tatu za Z432 akaishika spana, akaitazama ile kabureta moja ndogo ya pampu, asijue aanzie wapi. Aliona haya. Mimi pia niliona haya kwa niaba yake, maana nimewajua washairi wengi wanaotaja bahari zote za shairi na hawajatunga ubeti mmoja.

Fundi hakumfokea. Alimwonyesha skrubu ya kwanza, nyingine akamwachia. Ndani mlikuwa na maji na uchafu, petroli ya chupa iliyonunuliwa njiani. Kijana alipuliza tundu, akalitazama juani, akapuliza tena. Akafunga kwa mikono inayotetemeka. Alipovuta kamba mara ya tatu pampu ikawaka, tuf-tuf-tuf, sauti ya kijinga kabisa. Wala haikukaribia elfu saba. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa anaisikiliza, na nikaona amefumba macho vilevile kama alivyofumba kwa ile ya simu.

Kwa hiyo nawaambia wazee wenzangu: mtoto akipenda injini, msimwite mpotevu. Mtafutieni fundi mwaminifu, mumkabidhi kama tulivyokabidhiwa kwa maalim, kwa heshima na kwa masharti. Na nawaambia vijana: msikomee kwenye mlio. Kuondoa sailensa ili pikipiki ipige kelele mbele ya msikiti wakati wa sala si mapenzi ya injini, ni adabu iliyopungua. Na kuikimbiza gari juu ya lami hii mpya ili kusikia tu itakavyolia kumekwisha kutuletea majeneza.

Kabla basi letu halijawa tayari, fundi aliniomba nimwandikie ubeti wa kuchora ukutani mwa karakana yake. Nikamwandikia huu:

Injini yenye kulia, si ndiyo yenye kufika,
Kelele tukisikia, tusiseme imeruka,
Fundi ndiye mwenye njia, kwa mkono wenye taka,
Wanangu nawausia, ujuzi ni kuushika.

Aliusoma mara mbili, akaukunja, akautia mfukoni. Tulipoondoka, mzee wa Kipokomo alikuwa anaifunga pampu yake nyuma ya pikipiki ya yule kijana wa Kiorma, wakibishana juu ya bei ya kumfikisha shambani.