Ploti Ngapi Zinatosha?

Kabla mbegu haijaingia ardhini, mtafiti anayelinganisha mbolea mbili za mahindi hana budi kujibu swali ambalo wengi huliahirisha hadi baada ya mavuno: zinahitajika ploti ngapi ili tofauti iliyopo kweli isipite bila kuonekana? Uwezekano wa jaribio kuitambua tofauti hiyo ndio nguvu ya jaribio, dhana iliyotokana na kazi ya Jerzy Neyman na Egon Pearson, na kwa desturi hutakiwa ifike asilimia 80, huku uwezekano wa kutangaza tofauti isiyokuwepo ukiwekewa mpaka wa asilimia 5.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kazi iko katika kutaja namba zinazoingia ndani yake. Ikichukuliwa kwamba mkengeuko wastani, yaani kipimo cha jinsi mavuno ya ploti yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake, ni gunia 4 kwa ekari, na kwamba mbolea ghali haimlipi mkulima isipomwongezea angalau gunia 2, basi zitahitajika ploti zipatazo 64 kwa kila mbolea, ilhali ongezeko la gunia 4 lingetafutwa kwa ploti 16 au 17 tu. Hapo ndipo kishawishi kilipo, kwani mwenye fedha za ploti 16 huigeuza hesabu na kudai kuwa gunia 4 ndizo alizozitafuta tangu mwanzo, na mkulima, ambaye gunia 2 zingemtosha, hakuulizwa.

Wapo pia wanaopima mashina 20 ndani ya ploti moja na kuyahesabu kuwa marudio 20. Mbolea, hata hivyo, iligawiwa ploti kwa ploti, si shina kwa shina, na mashina yote yaliyoota juu ya udongo wa kichuguu kimoja hustawi pamoja, kama yale ya bondeni yanavyodumaa pamoja maji yakituama. Afadhali bloku, yaani kundi la ploti zenye ardhi ya namna moja, ambamo mbolea hugawiwa kwa kura. Mbinu hiyo, aliyoikuza R. A. Fisher huko Rothamsted, Uingereza, hupunguza mtawanyiko na hivyo idadi ya ploti.

Tatizo la nguvu ndogo haliko shambani tu: mapitio ya mwaka 1978 ya majaribio 71 ya tiba yaliyoonekana kutokuwa na tofauti yalibaini kuwa 67 yalikuwa na uwezekano unaozidi asilimia 10 wa kuikosa nafuu ya asilimia 25, hata kama ingekuwapo. Katika mfano wa mahindi, ploti 4 kwa kila mbolea zina nguvu isiyofika hata asilimia 15 ya kuziona gunia 2 za mkulima, na ripoti inayoandika “hakuna tofauti” bila kuitaja namba hiyo imemficha msomaji jambo alilokuwa akilitafuta.