Barakoa ya Kumvalia Askari

Aprili 2020 serikali ya Kenya ilipoamuru kila mtu avae barakoa hadharani, sisi wa Nairobi hatukubisha. Mafundi cherehani wa mtaani waliweka kando sare za shule wakaanza kushona barakoa za kitenge, na wachuuzi wakatuletea mpaka dirishani mwa matatu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa Machi 13, na wengi wetu tuna wazee nyumbani. Tulitaka kusaidiwa kujikinga.

Tukaletewa faini. Shilingi 20,000, au miezi sita jela, au vyote viwili. Nani alikaa akapiga hesabu hiyo? Mtu wa mjengo anayelipwa shilingi 500 kwa siku angefanya kazi siku 40 bila kula ndipo ailipe. Kwa hivyo aliyekamatwa hakuwaza mahakama, aliwaza ana ngapi mfukoni, na askari naye aliwaza hayo hayo. Mia mbili, mia tano, mambo yakaishia kando ya barabara. Asiyekuwa nazo alirushwa nyuma ya gari, akaenda kubanana na wenzake kwenye seli ambamo virusi vinaenea haraka kuliko sokoni.

Ndiyo maana barakoa ikahamia kidevuni. Kila aliyepanda matatu wakati ule anaijua sauti ya kondakta: "Vaeni maski, karao wako mbele!" Abiria wanapandisha vitambaa kwa pamoja, asiye nayo anaazimwa ya jirani iliyokwisha kulowa mate, tunapita kizuizi, na kabla dereva hajatia gia ya pili pua zote ziko nje. Madirisha yamefungwa kwa baridi. Mtu anapiga chafya kiti cha nyuma. Na nauli tumelipa karibu maradufu, kwa sababu gari la abiria 14 liliruhusiwa kubeba 8. Jioni lilijaza wote 14, nauli isishuke hata shilingi.

Kwingine mambo yalikuwa mabaya zaidi. Lessos, kaunti ya Nandi, Juni 2020, ugomvi wa askari na mwendesha bodaboda uliishia kwa watu watatu kuuawa kwa risasi. Waliouawa hawakuuawa na korona.

Wakubwa nao tuliwaona. Kampeni za BBI, ule mpango wa kurekebisha katiba, zilipopamba moto, wa upande huu na wa upande ule walisimama juu ya magari, nyuso wazi, umati umeshonana chini yao, na hatukuona aliyepakiwa kwenye gari la polisi kwa kukosa barakoa. Desemba 2020 wauguzi waligoma, miongoni mwa madai yao vifaa vya kujikinga, ilhali Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikuwa ameshaonyesha kwamba vifaa vya mabilioni ya shilingi vilivyonunuliwa na KEMSA, shirika la serikali la vifaa vya tiba, vimelala ghalani. Hapo ndipo uchungu wetu ulipo: sheria ilimjua mama mboga, haikumjua mwingine.

Sharti liliondolewa Machi 11, 2022. Sisi tuliolipa hatujaelezwa pesa zile zilikwenda wapi, na tunataka kuelezwa. Ukija ugonjwa mwingine wa kukohoa, tuwekewe boksi la barakoa za bure mlangoni mwa kila matatu, makondakta waamriwe kufungua madirisha, na pale steji alipokuwa akisimama askari asimame mhudumu wa afya wa kijiji, mtu tunayemjua kwa jina.